Kufundisha Kazi ya Kiungamwana Wakati wa Ujauzito

Miongoni mwa mada za Sayansi ambazo walimu wapya huzipitia mbiombio, uzazi wa binadamu huenda ndiyo ya kwanza. Mwalimu huchora mchoro ubaoni, huandika majina ya sehemu zake, huwaambia wanafunzi wanakili, kisha hugeukia mada nyingine huku akishusha pumzi. Wanafunzi hubaki na majina wasiyoyaelewa. Sehemu inayoumia zaidi kwa haraka hiyo ni kiungamwana, kwa kuwa huonekana kuwa kitu kidogo: kamba tu inayomuunganisha mtoto na mama.

Makala haya yanakusudia kumsaidia mwalimu-mwanafunzi kuifundisha sehemu hiyo ipasavyo katika madarasa ya juu ya shule ya msingi. Yataeleza kwanza maarifa ambayo mwalimu hana budi kuwa nayo, kisha mawazo potofu ambayo wanafunzi huja nayo darasani, zana zinazoweza kutengenezwa bila gharama, hatua za somo, na mwisho uhusiano wa somo hili na maisha ya nyumbani. Uhusiano huo wa mwisho si pambo. Baadhi ya wanafunzi wetu hulea wadogo zao, na baada ya miaka michache wengi wao watakuwa wazazi. Wanayoyafahamu juu ya kitovu cha mtoto mchanga yanaweza kuokoa uhai, na wasiyoyafahamu yanaweza kuupoteza.

1. Maneno ya somo

Mwalimu aanze kwa kusafisha maneno. Katika mazungumzo ya kila siku neno kitovu hutumika kwa vitu viwili: kovu lililo katikati ya tumbo la kila mtu, na ile kamba inayotoka tumboni mwa mtoto anapozaliwa. Darasani ni heri kuvitenganisha. Kamba tuiite kiungamwana, na kovu tuliite kitovu. Mfuko anamokulia mtoto ni mfuko wa uzazi. Nyama ya duara iliyojishika kwenye ukuta wa mfuko huo ni kondo la nyuma, ambalo watu wengine huliita zalio. Mtoto ambaye hajazaliwa huitwa kijusi, nayo maji yanayomzunguka ni maji ya uzazi. Maneno haya sita yakieleweka vizuri, nusu ya kazi imekwisha.

2. Maarifa ya mwalimu

Umbo la kiungamwana. Mimba inapokamilika, kiungamwana huwa na urefu wa kama sentimita 50 hadi 60 na unene wa kama sentimita 1 hadi 2. Ncha moja imeshikamana na tumbo la mtoto mahali patakapokuwa kitovu chake; ncha ya pili imeshikamana na kondo la nyuma. Ndani yake mna mishipa mitatu ya damu: ateri mbili na vena moja. Mishipa hiyo imezungukwa na ute mzito unaoizuia isibanwe mtoto anapojigeuza. Ute huo ulielezwa na daktari wa Uingereza, Thomas Wharton, mwaka 1656, na hadi leo wataalamu huuita kwa jina lake. Aidha kiungamwana kwa kawaida kimejisokota kama kamba, jambo linalokisaidia kisikunjike kwa urahisi. Hakina mishipa ya fahamu, hivyo kinapokatwa mtoto haumii.

Mwelekeo wa damu. Hapa ndipo walimu wengi wanapoteleza. Tumezoea kufundisha kwamba ateri hubeba damu yenye oksijeni nyingi na vena hubeba damu yenye oksijeni kidogo. Katika kiungamwana mambo ni kinyume. Vena ndiyo inayomletea mtoto damu yenye oksijeni na chakula, na ateri mbili ndizo zinazoondoa damu yenye hewa ya kabonidayoksaidi na takataka nyingine. Sababu yake ni kwamba ateri haitambuliwi kwa aina ya damu inayobeba. Hutambuliwa kwa mwelekeo wake. Mshipa unaotoa damu moyoni ni ateri, na unaorudisha damu moyoni ni vena. Moyo unaohusika hapa ni wa mtoto, si wa mama. Moyo huo mdogo, unaopiga kama mara 110 hadi 160 kwa dakika, ndio unaosukuma damu katika kiungamwana mpaka kwenye kondo na kuirudisha.

Kondo la nyuma. Kiungamwana ni njia tu. Soko ni kondo. Mtoto anapotimiza miezi tisa kondo huwa na uzito wa kama gramu 500 na upana wa kama sentimita 20. Ndani yake mishipa ya mtoto hugawanyika katika vijitawi vingi vyembamba mfano wa vidole, navyo huogelea katika damu ya mama. Kati ya damu hizo mbili upo utando mwembamba sana. Oksijeni, sukari, chumvichumvi, madini ya chuma na kingamwili hutoka kwa mama na kuingia kwa mtoto. Kabonidayoksaidi na urea hutoka kwa mtoto na kuingia kwa mama, ambaye huvitoa nje kwa mapafu na figo zake. Kwa hiyo mama humpumulia mtoto wake, humlia chakula na kumsafishia damu.

Damu hizo mbili kwa kawaida hazichanganyiki. Jambo hili lilibishaniwa kwa muda mrefu, mpaka katika miaka ya 1750 ndugu wawili, William na John Hunter, waliokuwa wakifanya kazi London, walipopenyeza nta ya rangi katika mishipa na kuonyesha kwamba njia za damu ya mama na za damu ya mtoto ni mbalimbali. Ndiyo sababu mama mwenye damu ya kundi O anaweza kumzaa mtoto mwenye damu ya kundi A.

Vinavyopita visivyotakiwa. Utando wa kondo huzuia mambo mengi lakini si yote. Pombe hupita. Sumu za moshi wa sigara hupita. Baadhi ya dawa hupita, na kwa hiyo mjamzito hatakiwi kunywa dawa yoyote bila ushauri wa mganga wa hospitali. Vijidudu vya kaswende na virusi vya UKIMWI vinaweza kupita pia. Vimelea vya malaria hujificha katika kondo lenyewe na kuziba njia, hata mtoto akakosa chakula cha kutosha na kuzaliwa na uzito mdogo. Ndiyo maana kliniki humsisitizia mjamzito kulala ndani ya chandarua chenye dawa, kumeza dawa za kuzuia malaria na kupima damu.

Baada ya kuzaliwa. Mtoto anapolia kwa mara ya kwanza, mapafu yake hujaa hewa na kuanza kazi. Kiungamwana huendelea kupiga kwa dakika chache, na katika muda huo damu iliyokuwa katika kondo huendelea kumfikia mtoto. Damu hiyo humwongezea akiba ya madini ya chuma itakayomkinga na upungufu wa damu katika miezi ya mwanzo. Kwa sababu hiyo Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba, mtoto asipokuwa na dharura, kiungamwana kisibanwe kabla ya dakika 1 kupita. Kisha hubanwa au kufungwa na kukatwa kwa kifaa safi. Kipande kinachobaki kwa mtoto hunyauka na kudondoka, mara nyingi ndani ya wiki 1 hadi 2. Kovu linalobaki ndicho kitovu.

3. Mawazo potofu

Mwanafunzi haji darasani mtupu. Huja na mawazo aliyoyaokota nyumbani, njiani na katika maneno ya watu wazima yaliyomfikia nusunusu. Mwalimu asiyeyachimbua mawazo hayo atajenga juu ya msingi uliooza. Yafuatayo hujitokeza mara kwa mara:

(a) Kwamba mtoto amefungwa kwenye kitovu cha mama. Hili ni wazo la kawaida sana, na michoro yetu hulichochea. Katika ziara za mazoezi ya kufundisha nimeona mchoro uliochorwa kwa rangi nzuri, wenye kamba iliyotoka kwa mtoto na kwenda moja kwa moja mpaka kitovu cha mama. Wanafunzi waliunakili wote. Kitovu cha mama ni kovu la kuzaliwa kwake yeye mwenyewe, wala hakina kazi yoyote katika mimba yake.

(b) Kwamba mtoto yuko katika tumbo la chakula na hula anachokula mama. Neno letu tumbo ndilo linalopotosha. Mwalimu aonyeshe kwamba mfuko wa uzazi na tumbo la chakula ni vitu viwili tofauti. Ugali haupiti katika kiungamwana. Kinachopita ni chakula kilichokwisha kusagwa na kuingia katika damu.

(c) Kwamba damu ya mama huingia mwilini mwa mtoto. Tumekwisha kulieleza.

(d) Kwamba mtoto hupumua kwa pua akiwa ndani ya maji. Mtoto huchezesha kifua na humeza maji ya uzazi, lakini oksijeni yake hutoka kwenye kondo.

(e) Kwamba mama akiinua mikono kuanika nguo, kiungamwana kitamnyonga mtoto. Mikono ya mama haina uhusiano na kiungamwana. Kiungamwana huweza kumzunguka mtoto shingoni kwa sababu mtoto mwenyewe hujigeuzageuza, na watoto wengi waliozungukwa hivyo huzaliwa salama.

4. Zana

Mchoro peke yake hautoshi, kwa kuwa hauonyeshi mwendo. Zana mbili zifuatazo hutengenezwa kwa vitu vilivyopo.

Zana ya kwanza: kielelezo cha kiungamwana. Chukua nyuzi nene tatu zenye urefu wa sentimita 55, moja nyekundu na mbili za buluu. Zizungushie pamba, zifunike kwa kitambaa cheupe na uzisokote polepole. Finyanga mtoto kwa udongo. Kata kipande cha duara kutoka godoro kuukuu kiwe kondo. Shikiza ncha moja kwenye tumbo la mtoto na nyingine kwenye kondo, kisha libandike kondo ndani ya kibuyu kilichopasuliwa nusu, ambacho ndicho mfuko wa uzazi. Acha ncha za nyuzi zionekane ili wanafunzi wazihesabu. Waambie wazi kwamba uzi mwekundu ni vena na za buluu ni ateri, na uwaulize kwa nini.

Zana ya pili: majani ya chai. Funga majani ya chai katika kitambaa chepesi na uyatumbukize katika glasi ya maji ya moto. Baada ya muda mfupi rangi itatoka na kuenea majini, lakini majani hayatatoka. Fungua kitambaa: majani yamevimba kwa maji yaliyoingia. Hapo wanafunzi wameona kwa macho yao kwamba vitu vidogo vinaweza kupita katika utando kwenda na kurudi, huku vilivyo vikubwa vikibaki mahali pake. Mwalimu asisahau kuwaeleza mpaka wa mfano huu. Kitambaa hakina uhai, ilhali utando wa kondo ni hai na huchukua baadhi ya vitu kwa kazi maalumu.

Katika sehemu za wafugaji wanafunzi wamekwisha kumwona mbuzi akizaa. Huo ni mwanzo mzuri wa mazungumzo. Hata hivyo mwalimu afahamu kwamba mbuzi si sawa na binadamu kwa kila jambo. Kwa mfano, mwana-mbuzi hupata kingamwili zake kutoka katika maziwa ya kwanza ya mama yake, wakati mtoto wa binadamu huzaliwa akiwa amekwisha kupata nyingi kupitia kondo.

5. Hatua za somo

Andalio lifuatalo ni la kipindi cha dakika 40. Shabaha yake ni kwamba mwisho wa kipindi mwanafunzi aweze kueleza kwa maneno yake njia ya oksijeni kutoka kwa mama mpaka kwa mtoto, na kutaja mambo mawili yanayolinda kitovu cha mtoto mchanga.

Utangulizi (dakika 5). Uliza: “Kila mmoja wetu ana kovu moja ambalo hakulipata kwa kuanguka. Ni lipi?” Watajibu. Uliza tena: “Palikuwa na nini kabla ya kovu?” Pokea majibu yote bila kucheka wala kusahihisha, na uyaandike pembeni mwa ubao.

Hatua ya kwanza (dakika 10). Onyesha kielelezo. Wanafunzi wahesabu nyuzi, wataje ncha zinakoshikamana, wafuate kwa kidole njia ya damu kutoka moyo wa mtoto mpaka kwenye kondo na kurudi.

Hatua ya pili (dakika 10). Fanya jaribio la majani ya chai. Vikundi vijadili: ni nini kinapita, ni nini hakipiti, na kwa upande upi.

Hatua ya tatu (dakika 10). Rudi kwenye majibu ya pembeni mwa ubao. Wanafunzi wenyewe wayachuje: lipi libaki, lipi lifutwe, na kwa ushahidi gani. Hapa ndipo elimu inapotendeka, kwa kuwa mwanafunzi anayefuta wazo lake mwenyewe kwa sababu anayoiona halirudii tena kwa urahisi.

Tathmini (dakika 5). Toa swali moja la kuandika: “Oksijeni imeingia puani mwa mama. Eleza safari yake mpaka ifike mguuni mwa mtoto.” Swali hili haliwezi kujibiwa kwa kukariri. Likijibiwa sawasawa, mwalimu atajua kwamba somo limeeleweka.

6. Heshima na mila

Kicheko cha wanafunzi mwanzoni mwa somo hili si utovu wa adabu, ni haya. Mwalimu akitaja viungo kwa sauti ile ile anayotumia kueleza mzizi wa mhindi, haya hupungua zenyewe. Wavulana na wasichana wafundishwe pamoja, maana baba wa kesho naye atahitaji kujua. Usimtake mwanafunzi yeyote aonyeshe kitovu chake. Usitumie familia ya mwanafunzi kuwa mfano. Kumbuka pia kwamba huenda darasani yumo mtoto aliyefiwa na mama au na mdogo wake wakati wa uzazi. Ulizia kwa mwalimu wa darasa kabla ya kufundisha.

Kuhusu mila, mwalimu awe na busara ya kupambanua. Katika jamii nyingi za Afrika Mashariki kitovu na kondo huzikwa kwa heshima, na mtu husema kwamba kwao ni pale kilipozikwa kitovu chake. Desturi hiyo haimdhuru mtoto, tena inamfunza mwanafunzi mapenzi ya asili yake. Hatuna sababu ya kuibeza. Lakini kupaka jivu, udongo, mate au samadi kwenye kidonda cha kitovu ni jambo jingine. Hili halina budi kusemwa kwa upole, lakini lisemwe bila kificho.

7. Kutoka darasani hadi nyumbani

Kiungamwana kilichokatwa ni jeraha bichi. Vijidudu vya pepopunda huishi katika udongo na katika kinyesi cha wanyama. Vikiingizwa katika jeraha hilo kwa wembe mchafu au kwa samadi, hutoa sumu inayokakamaza misuli. Mtoto aliyekuwa akinyonya vizuri hushindwa kunyonya baada ya siku chache, mwili hukaza, na wengi wa wanaougua hufa wasipopata matibabu ya haraka. Tanzania ilithibitishwa mwaka 2012 kwamba imeuondoa ugonjwa huu kwa akina mama na watoto wachanga, yaani haufikii tena mtoto 1 katika kila watoto 1,000 wanaozaliwa hai katika kila wilaya. Lakini vijidudu havijaondoka katika udongo, wala havitaondoka. Ushindi huo hudumu kwa chanjo na usafi tu.

Hapa mwalimu ana nafasi ya kuonyesha uzuri wa mada nzima. Mama anapochomwa chanjo ya pepopunda kliniki, mwili wake hutengeneza kingamwili. Kingamwili hizo hupita katika utando wa kondo, huingia katika vena ya kiungamwana na kumfikia mtoto. Hivyo kiungamwana humpelekea mtoto ulinzi dhidi ya ugonjwa ambao, siku kitakapokatwa, ungeweza kuingilia papo hapo. Mwanafunzi aliyeelewa hatua ya kwanza na ya pili ya somo atalielewa jambo hili bila shida, na ataweza kulieleza nyumbani.

Mambo ya kuwafundisha wanafunzi ni haya: mama ahudhurie kliniki na kupata chanjo, ajifungulie kwenye kituo cha afya, kitovu cha mtoto kiachwe kikiwa safi na kikavu, kisipakwe kitu chochote isipokuwa dawa iliyotolewa na mhudumu wa afya, anayemshika mtoto anawe mikono kwa sabuni. Kitovu kikiwa chekundu, kikitoa usaha, harufu mbaya au damu, au mtoto akikataa kunyonya, apelekwe zahanati siku hiyo hiyo. Ikiwezekana mwalimu amwalike muuguzi wa zahanati ya jirani aje kuyasisitiza mambo haya, kwani neno la mtaalamu lina uzito wake.

Mazoezi kwa mwalimu-mwanafunzi

1. Chora mchoro wa ubaoni utakaoonyesha wazi kwamba kiungamwana hakishikamani na kitovu cha mama.
2. Mwanafunzi anauliza: “Mapacha hugawana kiungamwana kimoja?” Andaa jibu la sentensi tatu. (Kila mtoto huwa na chake.)
3. Mzazi mmoja anakuja shuleni kulalamika kwamba unawafundisha watoto “mambo ya wakubwa”. Eleza utakavyompokea, na ni sehemu gani ya somo utakayomsimulia kwanza.
4. Tengeneza moja ya zana mbili zilizoelezwa, ijaribu mbele ya wenzako chuoni, na uandike mahali ambapo mfano wako haulingani na mwili wenyewe.